Gari Lililopiga Magoti

Mimi nauza bati. Miaka ishirini na mitatu nimekaa nyuma ya kaunta ile ile pale sokoni Kasulu, na kila mteja aliyetaka bati jembamba nilimwambia neno moja: rahisi ghali. Nimelisema mara nyingi mpaka watoto wa mtaani wakaligeuza kuwa jina langu. Nikipita wanaita, "Shikamoo, Mzee Rahisi Ghali!" Sikukasirika, maana lilikuwa tangazo la bure. Siku hizi nikilisikia nageuza uso.

Mke wangu Asia aliugua mwaka 2012. Uvimbe ulianzia kwenye titi, ukakatwa Mwanza, tukashukuru, tukachinja mbuzi. Mwaka uliofuata ugonjwa ukaibukia mgongoni, ndani ya mifupa. Daktari alituonyesha picha, akagusa pingili za uti wa mgongo kwa kalamu, akasema mifupa hii imekuwa mikavu na myepesi kuvunjika. Asibebe ndoo, asiinamie jiko, na barabara mbaya ziepukwe. Barabara mbaya ziepukwe! Nilitaka kumuuliza yule bwana kama amewahi kufika kwetu. Kutoka Kasulu mpaka Nyakanazi, ambako ndiko lami ilikoanzia, kulikuwa hakuna barabara nyingine ya kukimbilia. Ni hiyo hiyo, vumbi kiangazi, utelezi masika, na mashimo mwaka mzima.

Nilikuwa na pikapu ya kubebea bati. Safari moja tu niliyompeleka Asia na pikapu ile, nilisimama mara kumi na moja kabla ya kuingia Kibondo. Kila shimo lilimtoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku aliyomzaa binti yetu Yasmini. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti fupi, kavu, kama ya mti unaovunjika. Baada ya safari hiyo nilikuwa naisikia dukani, msikitini, usingizini. Nikaiuza pikapu.

Gari nililonunua badala yake nililipata Dar es Salaam, kwenye yadi ya magari yaliyotumika ng'ambo. Lilikuwa jeusi, la mwaka 2004, nyuma pana, la aina ambayo kwetu huonekana wakubwa wakija kuzindua kisima. Halikuwa na springi. Lilikaa juu ya shokapu za upepo, yaani mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa ndogo iliyofichwa chini. Lilijipima lenyewe: ukilibebesha mzigo linateremka, halafu taratibu linajinyanyua na kukaa sawa. Viti vya mbele vilipashwa joto kwa swichi. Mlango ukiusogeza kidogo unajivuta na kujifunga bila kelele. Muuzaji alinionyesha hayo yote kwa bashasha ya mtu anayeozesha binti. Nikatoa fedha za pikapu na za shamba langu la Rungwe Mpya, nikaondoka nalo.

Sokoni walinicheka. Walisema muuza bati ameota mbawa. Jirani yangu Tamimu, mwenye duka la vitenge, peke yake ndiye hakucheka, maana alijua nimelinunua kwa ajili ya nani.

Siku ya kwanza nilipompakia Asia kwenda Mwanza nilikilaza kiti chake, nikawasha joto la mgongo, tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nimeuma meno nikiisubiri ile sauti. Tukapita Makere. Tukapita Mvugwe. Kwenye njiapanda ya Nduta nikageuka kumtazama: amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Nililia. Nasema kweli, nililia huku naendesha, na halikuwa vumbi. Wanaosema kwamba starehe za gari ni anasa hawajawahi kumwona mgonjwa wao akisinzia juu ya mashimo.

Mwaka mzima gari lile lilitupeleka na kuturudisha. Mwezi wa sita 2014, Mwanza wakatuambia sasa basi. Walisema kwa upole. Tumpe dawa za maumivu, akae nyumbani na watu wake, miezi miwili au mitatu, Mungu ndiye ajuaye. Asia aliwashukuru mmoja mmoja. Tulipofika kwenye gari akajifunga mkanda, akasema, "Basi nina kazi mbili, Baba Yasmini. Nikaage Muyama. Halafu unipeleke Kibondo nikampokee mjukuu wangu."

Yasmini wetu alikuwa ameolewa na mwalimu huko Kibondo, na alikuwa na mimba ya kwanza. Presha ilikuwa imempanda, miguu imevimba, hospitali wakamwambia alale karibu nao mpaka ajifungue, asithubutu kusafiri. Kwa hiyo binti asingeweza kuja kwa mama. Mama ndiye alitakiwa aende kwa binti. Na kwetu sisi binti akizaa mara ya kwanza, anayemkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo ni mama yake, na mikono yake ndiyo humwogesha mtoto. Asia alikuwa ameshaweka kanga mpya na mafuta kwenye kikapu. Alijua hana nguvu za kukanda. "Nitakaa kitini nielekeze," alisema. "Ila mtoto nimpakate mimi. Hilo tu."

Hilo tu. Safari ya asubuhi moja.

Tukaanza na Muyama, kwao Asia, wakati wa kupura maharage. Hakuna aliyetamka tumekuja kufanya nini, lakini kila mtu alijua, maana nyumba baada ya nyumba walileta kitu. Kule gari la mkwe haliondoki tupu. Likiondoka tupu ni kama mmeagana moja kwa moja. Wakaleta gunia la maharage, la pili, la tatu. Wakaleta mahindi, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese. Kila gunia lilipoingia gari lilizama, watu wakanyamaza, kisha likaguna huko chini na kujinyanyua polepole mpaka likasimama sawa.

Mjomba wake Asia, Mzee Felisiani, akapiga makofi. "Yoo! Mmeona? Gari lenyewe linasema bado! Mkwe, usituzuie, linasema bado! Leteni lingine!"

Lingine likaletwa. Gari likazama, likaguna, likajinyanyua. Watoto wakashangilia.

Pikapu ingeniambia ukweli. Pikapu ukiizidishia, springi zinalala, tairi zinakaribia bodi, na hata kipofu anakuambia imetosha. Gari hili lilikuwa na adabu kupita kiasi, lilipokea kila kitu na kuficha maumivu. Nilifungua mdomo niseme yatosha. Ndipo nikamwona Asia kwenye kiti chake, mlango wazi, anacheka. Anacheka kwa sauti, ameshika ubavu, machozi yanamtoka, anamwambia mjomba wake, "Mjomba, utaliua gari la watu!" Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Idi ya mwaka uliopita. Nikafunga mdomo. Gunia la sita likaingia, nami nikalisaidia kulisukuma.

Kabla ya kuingia Kasulu kuna korongo lililochimbwa na mvua za masika. Tulipotumbukia nilisikia mpumuo mmoja mkubwa, na upande wa mbele wa kulia ukashuka. Chini yetu kompresa ikaanza kulia, ikijaza mfuko uliokwisha chanika. Fundi aliniambia baadaye kwamba pale pale nilipaswa kuzima gari. Sikuzima. Jua lilikuwa linazama, mgonjwa yumo ndani, nikaona nifike kwangu. Kompresa ililia mpaka langoni, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Asubuhi tulilikuta gari limepiga magoti uani, pua chini, nyuma juu, kama ng'ombe anayejilaza.

Fundi wangu ni Niyonzima. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa huku, akapata uraia huku, na kwa magari sijaona mikono kama yake. Alilala chini ya gari robo saa nzima. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Mzee Nuru, mfuko wa kulia umekwisha. Wa kushoto nao una nyufa. Kompresa imeungua. Hivi vitu haviungwi. Nikiunga kwa gundi ya tairi utafika Makere tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo natoa takataka hizi zote za upepo. Nina springi za pikapu, nakata, nachomea kikalio cha kuzishika, nafunga. Laki nne na nusu, kazi na vifaa. Keshokutwa mama anakwenda Kibondo."

"Litakuwa laini kama zamani?"

Niyonzima akafuta mikono kwenye suruali. "Litakuwa gari, mzee. Laini siyo."

Nikapiga simu Dar, mtaa wa Gerezani, kwa mwenye duka la spea niliyeelekezwa, mtu anaitwa Shamsi. Nikamsomea namba za gari. Akaniuliza kama nimekaa au nimesimama. Shokapu moja ya upepo milioni mbili na laki nane. Na haibadilishwi moja, inabadilishwa jozi. Kompresa milioni moja na laki tisa. Na hazipo, zinaagizwa Dubai.

"Bwana wewe," nikamwambia, "kwa fedha hizo si nanunua gari zima?"

"Unanunua, mzee wangu. Dogo, tena linatembea vizuri. Lakini hizi ni spea za raha. Injini ya gari lako nakupatia kwa bei nafuu kuliko hizo shokapu. Watu wanalipata gari kwa bei ya kutupa kwa sababu ya hayo hayo. Anayelitupa anajua kwa nini analitupa."

Milioni saba na nusu ili gari lisimame. Nilikuwa na kiwanja kimoja Mwilamvya. Nikasema nitakiuza.

Asia alikuwa amekaa barazani, amesikia kila kitu. "Mwambie Niyonzima afunge springi," akasema.

"Umesahau pikapu?"

"Sijasahau. Mgongo ni wangu, nitasahauje? Afunge springi, nimeze dawa, twende. Nikifika nitalala wiki nzima."

"Asia, rahisi ghali."

Alinitazama. Ndoa yetu ilikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa amelisikia neno hilo pengine mara elfu kumi. Akasema, "Mimi siyo nyumba, Baba Yasmini. Huniezeki miaka thelathini."

Niliondoka. Nilikwenda sokoni kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Nilikuwa nimejaa hasira na mapenzi, na niliamini hivyo viwili vikikutana mtu hawezi kukosea.

Kiwanja kilinunuliwa chini ya bei. Fedha zikaenda. Shamsi akasema wiki mbili. Ramadhani ikaingia, na gari likabaki uani limepiga magoti, kuku wanapumzika kivulini mwake.

Asubuhi zile za Kasulu zina baridi, na mgongo wa Asia ulikuwa hauelewani na baridi. Siku moja akaniomba nimpeleke kwenye gari nimwashie kile kiti cha moto. Injini ilikuwa nzima, kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa miguu. Nikambeba, maana alikuwa mwepesi sasa, nikamkalisha, nikawasha. Kwa kuwa gari lilikuwa limeinamia mbele, nilimwekea mto miguuni asiteleze. Nikaingia upande wangu, mlango ukajivuta ukajifunga wenyewe. Tukakaa tunatazama ukuta wa choo.

"Haya, dereva," akasema. "Twende Kibondo."

Nikashika usukani. "Tumetoka. Sasa hivi tunaiacha Kasulu."

"Tumefika Makere?"

"Makere hii hapa. Kuna watu wanauza ndizi."

"Usisimame. Tutanunua tukirudi."

Tukapita Mvugwe. Tukafika njiapanda ya Nduta, akauliza kama vumbi ni kali, nikamwambia vioo vimefungwa, mama, wewe lala tu. Alikuwa anafumba macho na kutabasamu. Kibondo hatukufika siku ile, mafuta ya gari yalikuwa yanakwisha nikazima. Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi, Ramadhani nzima. Leo hii nadhani ndiyo siku nilizompenda kuliko zote, na nazichukia.

Katikati ya mfungo mzigo ukaja kwa basi. Niyonzima alifungua sanduku, akatoa ile shokapu nyeusi inayong'aa, akaigeuza. Ilikuwa ya gari la toleo jingine. Pini za umeme zilikuwa tano, zetu tatu. Shamsi aliomba radhi mpaka nikachoka kumsikia. Ikarudishwa. Akasema baada ya Idi, wallahi.

"Mzee Nuru," Niyonzima aliniambia siku hiyo, "zile springi zangu bado zipo. Sitaki hela. Nafunga bure, zikija za kwako nazitoa. Leo saa kumi nimemaliza."

Nilimkataza. Nilimwambia akifunga springi atakata vikalio vya asili, na shokapu mpya zikija hazitakaa sawa. Ilikuwa kweli, kwa kiasi. Lakini Niyonzima alinitazama kama mtu anayemtazama mteja anayedanganya kuhusu ajali.

Idi ikapita. Tarehe tatu Agosti, saa nne asubuhi, mkwe wangu akapiga simu: Yasmini amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikaweka sauti kubwa, nikamshikia Asia simu sikioni. Tukamsikia mtoto analia. Analia kwa hasira hasa, kama aliyeletwa asikotaka. Asia alikaa na simu mpaka salio la yule mwalimu likaisha ikakatika yenyewe, na bado akaendelea kuishikilia.

Siku hiyo jioni akaniambia, "Nikodishie chochote. Hata fuso la ng'ombe."

Tamimu alikuwa amekuja kutupongeza. Akasema, "Nuru, gari langu lipo hapo nje. Siyo laini, lakini tunatandika magodoro mawili nyuma, anapita amelala. Naendesha mwenyewe, mwendo wa konokono. Tunaondoka alfajiri."

Nikasema mzigo umeshatoka Dubai, upo njiani, ni suala la siku nane, kumi. Nikasema daktari alikataza. Nikasema mfupa mmoja ukivunjika huko Mvugwe nitamjibu nini Yasmini. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa safi. Tamimu akaaga.

Alipoondoka Asia akaniita nikae kitandani karibu naye. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Baba Yasmini, wewe unaziogopa kelele zangu. Mimi siziogopi. Niache nipige kelele mpaka Kibondo, halafu nimpakate mtoto."

"Siwezi kukuona unaumia," nikasema.

"Najua," akasema. "Ndiyo tabu yenyewe."

Siku ya kumi na moja baada ya mtoto kuzaliwa, Asia alifariki. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuwasha gari ili kiti kipate joto kabla sijambeba. Niliporudi ndani nilimkuta ametazama dirishani, na kikapu chenye kanga na mafuta kipo pale pale kando ya kitanda, alipokiweka mwezi wa sita. Nilitoka nikazima gari. Sijui kwa nini nilikumbuka kulizima.

Tulimzika alasiri. Watu wa Muyama walikuja na malori mawili, na msiba ukawa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Akina mama walipouliza kuna nini cha kupika, mtu akafungua stoo. Magunia sita. Ndipo nilipoelewa, mjinga mimi, kwamba Muyama hawakuwa wakinipa zawadi siku ile. Walijua msiba utakuja na mimi nitakuwa sina akili ya kununua chakula, wakaleta mapema, kwa adabu, huku wanacheka ili Asia asijue. Au Asia alijua, ndiyo maana alicheka sana. Mzee Felisiani alikaa na sahani yake ya maharage mbele ya lile gari, akalitazama lilivyoinama, akaniuliza, "Mkwe, hili nalo limefiwa?" Hakujua kwamba magunia yale ndiyo yaliyoliinamisha. Sikumwambia, na simwambii.

Siku ya tatu, tukiwa kwenye hitima, kijana wa basi akaja na sanduku kichwani. Shokapu mbili na kompresa. Pini tatu.

Nilitaka zitupwe chooni. Nilisema maneno ambayo mtu aliyefiwa husamehewa. Niyonzima alilichukua sanduku kimya kimya, na watu walipotawanyika alilala chini ya gari mpaka giza likaingia. Hakudai hata senti. Nilipotoka kwenda kuswali isha nililikuta gari limesimama, pua juu, sawasawa, tayari kwa safari. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo.

Watu walinifariji kwa misemo. Mmoja aliniambia majuto ni mjukuu. Nilimwomba asirudie tena mbele yangu. Mjukuu wangu hana kosa lolote.

Yasmini hakumzika mama yake. Mzazi wa siku kumi na moja mwenye presha hatolewi ndani. Alikandwa na jirani. Arobaini yake ya uzazi na arobaini ya mama yake zilikuwa zinakaribiana, kwa hiyo mwisho wa Septemba nikaenda Kibondo kuwachukua waje kwenye dua, mama na mtoto. Nikaenda na gari lile. Lilikuwa ndilo gari langu, na lilikuwa zima.

Mtoto wanamwita Firdausi. Jina alilichagua Asia kwa simu. Nilimpakata pale mlangoni kwa Yasmini na nikamrudisha haraka, maana nilijiona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine.

Tukaondoka asubuhi. Yasmini alikaa mbele, mahali pa mama yake, mtoto kifuani. Alipogusa swichi ya joto kwa bahati mbaya akauliza ni ya nini, nikamwambia. Akaiacha imewaka. Barabara ilikuwa mbaya kuliko ninavyoikumbuka, na sisi tulikuwa tunapita juu yake bila kuisikia. Mtoto alikuwa amelala.

Baada ya njiapanda ya Nduta, Yasmini akasema, akitazama mbele, "Baba, Mama alinipigia siku mbili kabla. Nilimuuliza, mbona huji? Akasema, baba yako anataka nije bila kuumia. Mimi nataka nije tu."

Miezi miwili nilikuwa nimewaambia watu kwamba naukinga mgongo wa mke wangu. Nilikuwa nayakinga masikio yangu. Nilitoa milioni saba na nusu, nikauza kiwanja, ili nisiisikie sauti moja, na sauti hiyo yeye alikuwa tayari kuitoa mara elfu kwa ajili ya kumshika mtoto huyu anayekoroma hapa kama bibi yake.

Karibu na Mvugwe kulikuwa na shimo ninalolijua, pana, la upande wa kushoto. Pikapu ilitumbukia humo siku ile, na ndimo Asia alimotoa sauti kubwa kuliko zote. Kila safari nalikwepa. Safari hii nilipunguza mwendo, nikaelekeza tairi moja kwa moja humo. Yasmini alishika dashibodi akasema, "Baba, shimo!" Nilijua. Nilitaka mtoto ashtuke. Nilitaka alie ndani ya gari lile, kwa hasira, kama alivyolia siku ile kwenye simu.

Gari lilizama, likaguna kidogo huko chini, likajinyanyua taratibu, likakaa sawa.

Mtoto hakuamka.

"Tumefika wapi?" Yasmini akauliza baadaye.

"Makere," nikasema. "Kuna watu wanauza ndizi."